Kundi zima, au wagonjwa na wazima? Kuchagua njia ya kuchunguza mlipuko wa ugonjwa

Mlipuko ukiingia mtaani, jibu hutangulia swali. Kabla jua halijazama kila mtu ana mchawi wake: huyu anasema maji, yule anasema nyama, wa tatu anamtaja mgeni aliyefika juzi. Kazi ya mchunguzi ni kuwachelewesha kidogo wote hao na kuuliza jambo moja: waliougua walifanya nini ambacho wasiougua hawakukifanya?

Swali hilo lina njia mbili za kuulizwa. Ya kwanza ni kumhoji kila aliyekuwapo, mgonjwa kwa mzima, kisha kuhesabu waliougua kati ya waliokula kitu fulani na waliougua kati ya wasiokila. Tuiite njia ya kundi zima. Wataalamu wa epidemiolojia, elimu ya kuenea kwa magonjwa, huiita kohoti. Ya pili ni kuanza na wagonjwa ulionao, kuwatafutia wazima wa kulinganishwa nao, na kuwauliza wa pande zote mbili walichokula, walichokunywa na walikopita. Hiyo tuiite njia ya wagonjwa na wazima. Zote mbili zimewahi kukamata chanzo halisi, na zote zaweza kumpoteza hata mtu mwenye shahada nzito. Ya kushika inategemea kwanza kitu kimoja: je, unaweza kuandika orodha ya wote waliokuwa hatarini?

Kazi isiyokwepeka, njia yoyote utakayochagua

Anza kwa kuamua unamwita nani mgonjwa. "Yeyote aliyeharisha" ni fasili mbovu. "Mkazi wa eneo hili aliyeharisha mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, tangu tarehe fulani" ni fasili inayofanyika kazi, kwa sababu ina mtu, mahali, wakati na dalili. Ikilegea, wagonjwa wa kawaida wa kila wiki watajichanganya na wa mlipuko na kufifisha hesabu. Ikibana mno, itatupa ushahidi nje.

Philadelphia mwaka 1976 ni mfano mzuri wa kubana. Wanachama wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani wa Marekani, walikutana hotelini, na baada ya mkutano nimonia ya ajabu ikawashika: wagonjwa 182 waliingia kwenye fasili, 29 wakafa. Lakini kulikuwa na wengine 39 wenye nimonia ileile ambao hawakutia mguu ndani ya hoteli. Walikuwa tu jirani nayo, kwenye mtaa wa Broad Street. Fasili iliwaacha kando, wakabandikwa jina la "nimonia ya Broad Street". Hao wa kando ndio waliokuwa wakionyesha kwamba kisababishi kilisafiri hewani hadi nje ya jengo. Bakteria iliyosababisha nimonia hiyo ilitambuliwa Januari 1977.

Baada ya fasili andaa orodha ya wagonjwa, mstari mmoja kwa kila mtu: umri, jinsia, anakoishi, siku na saa dalili zilipoanza, matokeo ya maabara kama yapo. Kisha chora grafu ya wagonjwa kwa saa au kwa siku. Kilele kimoja kinachopanda ghafla humaanisha watu walikutana na chanzo kwa wakati mmoja. Mgongo mrefu ulio bapa humaanisha chanzo bado kinatema. Mawimbi yanayofuatana kwa nafasi inayokaribia kulingana humaanisha watu wanaambukizana, na hapo ulinganisho huu wote unapungua umuhimu, nitarudi huko.

Kundi zima: pale orodha inapokuwapo

Harusi, mahafali, bweni, meli, gereza, mkutano wa siku mbili. Mahali pote hapa kuna jina la kila mtu au karibu kila mtu, na mipaka ya tukio inajulikana. Hapa kundi zima halina mpinzani, na sijui kwa nini bado kuna wanaokimbilia njia nyingine kwa kisingizio cha haraka.

Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa wilaya ya Oswego, jimbo la New York, Aprili 1940. Watu 80 walihudhuria chakula cha jioni cha kanisa. Wachunguzi waliwapata na kuwahoji 75, na kati yao 46 walikuwa wameugua. Wakapita kwenye chakula kimoja baada ya kingine. Nyama ya nguruwe iliyookwa: waliokula walikuwa 46, wakaugua 29, yaani asilimia 63. Wasioila walikuwa 29, wakaugua 17, asilimia 59. Hakuna kitu hapo, pande mbili zinalingana. Aiskrimu ya vanila: walioila 54, wakaugua 43, asilimia 80. Wasioila 21, wakaugua 3 tu, asilimia 14. Gawanya hatari ya kwanza kwa ya pili (43/54 kwa 3/21) upate kama 5.6, ndio uwiano wa hatari: aliyekula vanila alikuwa na hatari mara tano na nusu hivi ya kuugua.

Tazama jinsi nyama ile ingeweza kuonewa. Kati ya wagonjwa 46, 29 walikuwa wameila. Mtu anayewahoji wagonjwa peke yao angetoka akipiga kelele kwamba wengi wa wagonjwa walikula nyama, na asingekuwa amedanganya. Kasoro ni kwamba wengi wa wazima pia waliila.

Uzuri wa kundi zima ni kwamba linakupa hatari yenyewe, kwa asilimia ambayo hata mwenyekiti wa mtaa ataielewa bila somo la takwimu. Tena unaweza kupima vitu vingi na matokeo zaidi ya moja kwa mara moja: walioharisha, waliolazwa, waliougua kabla ya usiku wa manane. Ubaya wake ni jasho. Lazima uwafikie wengi wa waliokuwapo, na wazima ndio wagumu kupatikana, maana hawaoni kwa nini wasumbuliwe. Ukiwapata wagonjwa karibu wote na wazima nusu tu, asilimia zako zinakuwa za uongo kwa sababu umelikata kundi mwenyewe. Na ugonjwa ukiwa adimu, tuseme watu 6 kati ya 9,000, utahoji maelfu ya wazima ili kujifunza kutoka kwa watu sita.

Wagonjwa na wazima: pale orodha isipokuwapo

Sasa chukulia wagonjwa wanatoka vitongoji mbalimbali, hawajuani, hawakuhudhuria sherehe moja, na wanaendelea kuja. Walio hatarini ni akina nani? Wanunuzi wote wa soko? Wanywaji wote wa bomba? Huna orodha na hutaipata. Hapo ndipo unapowachukua wagonjwa 30, unawatafutia wazima 60 au 90, na kulinganisha.

Gharama yake unailipa kwenye hesabu. Kwa kuwa wewe ndiye uliyeamua idadi ya wagonjwa na ya wazima, huwezi kusema "asilimia kadhaa ya waliokula waliugua". Asilimia hiyo ingekuwa zao la uamuzi wako. Unachopata ni uwiano wa uwezekano: waliokula dhidi ya wasiokula upande wa wagonjwa, ukigawanywa kwa waliokula dhidi ya wasiokula upande wa wazima.

Turudi Oswego na kujifanya hatuna orodha ya kanisa. Wagonjwa: 43 walikula vanila, 3 hawakula. Wazima: 11 walikula, 18 hawakula. Zidisha 43 kwa 18, gawanya kwa 11 mara 3. Jibu ni kama 23. Takwimu zilezile, watu walewale, aiskrimu ileile, lakini njia moja inasema 5.6 na nyingine 23. Hakuna iliyokosea, zinapima vitu tofauti. Uwiano wa uwezekano hukaribiana na uwiano wa hatari pale tu ugonjwa unapokuwa adimu katika kundi, na pale kanisani zaidi ya nusu ya watu waliugua. Kwa hiyo ukipata 23 kwa njia hii usiende kwenye redio kusema "hatari ni mara 23". Sema aiskrimu ina uhusiano mkubwa na ugonjwa, ishia hapo.

Kisha kuna suala la wazima watoke wapi, na hapa ndipo tafiti nyingi za njia hii hufia. Mzima unayemtafuta ni mtu ambaye, kama angeugua, angeingia kwenye orodha yako ya wagonjwa. Majirani ni rahisi kuwapata, wanafanana na mgonjwa kwa hali ya maisha, lakini kama chanzo ni bomba la mtaa, jirani analinywea pia, na ulinganisho unakuwa sawa na kujitazama kwenye kioo. Marafiki ni wepesi wa kujibu, ila marafiki hula pamoja. Wagonjwa wengine wa zahanati ileile wapo karibu, ila wenye vidonda vya tumbo huenda waliacha pilipili na saladi tangu zamani, na saladi ikaonekana na hatia isiyokuwa nayo. Mimi huegemea majirani pale ninaposhuku chakula, na watu wa maeneo tofauti ya mji uleule pale ninaposhuku maji. Idadi isikutese: wazima wawili au watatu kwa mgonjwa mmoja wanatosha, na ukipita wanne faida ya kila anayeongezeka ni ndogo mno kulingana na kazi yake.

Kwa ufupi, kando kwa kando

| | Kundi zima | Wagonjwa na wazima |
|---|---|---|
| Inafaa lini | Tukio lenye mipaka na majina | Wagonjwa waliotawanyika, walio hatarini hawajulikani |
| Unaanzia wapi | Kwa wote waliokuwapo | Kwa waliokwisha kuugua |
| Inakupa nini | Hatari yenyewe na uwiano wa hatari | Uwiano wa uwezekano tu |
| Ugonjwa adimu | Kazi kubwa, mavuno machache | Hapa ndipo kwake |
| Kasi | Polepole kundi likiwa kubwa | Siku chache zinaweza kutosha |
| Inapoharibika | Wazima wasipopatikana | Wazima wakichaguliwa vibaya |
| Adui wa pamoja | Kumbukumbu | Kumbukumbu, tena kwa ukali zaidi |

Huyo adui wa pamoja

Mstari wa mwisho wa jedwali unastahili nafasi kuliko yote ya juu yake. Mtu aliyelala hospitalini siku nne ameshajihoji mwenyewe mara mia: nilikula nini? Mzima ameulizwa leo asubuhi mlangoni, mkono mmoja umeshika kitasa. Kumbukumbu zao hazina uzito sawa. Umbali wa siku nao huzidisha ugumu. Salmonela huonyesha dalili ndani ya saa 6 hadi 72, hivyo unauliza habari za juzi na jana. Homa ya ini A huchukua siku 15 hadi 50. Hebu sema ulikula nini Jumanne ya wiki tatu zilizopita.

Ujerumani iliyaona haya kwa uchungu mwaka 2011. Kuanzia Mei, aina ya E. coli iitwayo O104:H4 ilishambulia kaskazini mwa nchi. Ilipomalizika, wagonjwa walikuwa 3,816. Kati yao 845 walipata tatizo la damu na figo linalotokana na sumu ya bakteria hiyo, na 54 walikufa. Kwa mlipuko uliotapakaa hivyo, wachunguzi walifanya kitabu kinavyosema: wagonjwa na wazima. Tafiti za kwanza zikaelekeza kwenye nyanya, matango na majani ya saladi, vyote vibichi, na wananchi wakaonywa wasile. Mji wa Hamburg ukayataja matango ya Hispania kwa jina. Wakulima wa Hispania wakapata hasara kubwa, na baadaye ikaonekana bakteria iliyokutwa kwenye matango yale haikuwa ya mlipuko.

Katika utafiti mmoja wa aina hii, wagonjwa 26 walilinganishwa na wazima 81. Asilimia 88 ya wagonjwa walikumbuka kula matango. Waliokumbuka kula mbegu zilizochipuzwa walikuwa asilimia 25 tu. Chanzo kilikuwa ni hizo mbegu. Hakuna aliyedanganya: mbegu hizo hunyunyizwa juu ya saladi kama pambo, na nani anakumbuka pambo?

Waliofumbua fumbo walifanya jambo ambalo kwangu ndilo somo kubwa la mlipuko ule. Ndani ya mlipuko ulio wazi walitafuta vijikundi vilivyofungwa. Walipata mgahawa mmoja ambako makundi 10 ya wateja, watu 152, walikula katika siku zinazojulikana, na 31 wakaugua. Hawakuwauliza "ulikula mbegu?" Walitumia orodha za walioandikisha meza, risiti, hata picha walizopiga wateja, ili kujua kila mmoja aliagiza chakula gani. Kisha wakaenda jikoni na kumuuliza mpishi kila chakula kina nini ndani yake. Kumbukumbu ya mteja ikabadilishwa kwa mkono wa mpishi. Waliopakuliwa mbegu zilizochipuzwa walikadiriwa kuwa na hatari mara 14 ya wengine (kukadiriwa tu, maana huwezi kugawanya kwa sifuri), na wagonjwa wote 31, bila kubakisha, walikuwa wamepakuliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye mlipuko uliotawanyika si kuchagua moja na kuitupa nyingine. Fanya wagonjwa na wazima ili upate fununu, na papo hapo ipekue orodha yako ya wagonjwa: kuna wawili waliokuwa kwenye msiba mmoja? Watatu wa shule moja? Basi lililobeba mashabiki? Kila kijikundi cha namna hiyo ni kundi zima dogo linalokungoja, na watu 40 wenye orodha kamili mara nyingi hukufundisha zaidi ya wagonjwa 200 waliotawanyika bila orodha.

Wala wazo hili si la juzi. London mwaka 1854, daktari John Snow alichunguza mlipuko wa kipindupindu ulioua zaidi ya watu 600 kuzunguka pampu ya Broad Street (naam, jina lilelile la Philadelphia, kwa kisa kingine kabisa). Watu wengi wanaikumbuka ramani yake ya vifo. Ramani ni nzuri, lakini huonyesha walikofia watu bila kuonyesha wangapi waliishi hapo. Mimi navutiwa zaidi na vijikundi alivyovihesabu. Kituo cha kulea maskini kilichokuwa karibu kilikuwa na watu 535, wakafa 5. Kilikuwa na kisima chake. Kiwanda kilichokuwa kwenye mtaa wenyewe kilikuwa na wafanyakazi kama 200 waliowekewa maji ya pampu ile, wakafa 18. Piga hesabu: asilimia 9 dhidi ya isiyofika hata 1. Kiwanda cha bia kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, hakuna aliyekufa. Walikuwa na kisima chao, na bia ya bure. Kishikio cha pampu kiling'olewa tarehe 8 Septemba, wagonjwa wapya wakiwa tayari wanapungua.

Kusini mwa jiji alikwenda mbali zaidi, akalifanya eneo zima kuwa kundi. Kampuni mbili ziliuza maji mitaa ileile, wakati mwingine nyumba ya huku kampuni hii na ya kule kampuni ile. Southwark and Vauxhall, iliyochota maji ya Mto Thames yaliyochafuliwa na jiji, ilikuwa na nyumba 40,046 na vifo 1,263: vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Lambeth, iliyokuwa imehamishia bomba lake sehemu ya juu ya mto, kabla maji hayajafika jijini, nyumba 26,107 na vifo 98: kama 37 kwa nyumba 10,000. Idadi ya nyumba za kila kampuni ndiyo iliyompa nguvu ya kusema.

Pale zote mbili zisipokufaa

Grafu ikionyesha mawimbi, acha madodoso ya chakula. Kwa surua, Ebola na nduguze, chanzo ni mtu, na kazi ni kuwafuatilia waliotangamana na mgonjwa kwa muda wote ambao ugonjwa unaweza kujificha: siku 21 kwa Ebola. Fuatilia mbele, nani anaweza kuwa ameambukizwa, na fuatilia nyuma, nani alimwambukiza huyu. Upande wa nyuma husahauliwa na mara nyingi ndio unaofichua mnyororo ambao hukuujua.

Na kama hatari iko wazi, usingoje hesabu. Kisima kilicho chini ya choo kifungwe leo, uchunguzi uendelee kesho. Ulinganisho ni wa kujibu kisichoonekana kwa macho.

Lililobaki ni kufuata bidhaa kinyumenyume baada ya takwimu kuelekeza kidole. Ujerumani walishika nyaraka za mauzo kutoka mgahawa ule hadi kwa msambazaji, kisha hadi kwa mzalishaji mmoja wa mbegu zilizochipuzwa. Wakapanga vijikundi vyote 41 vya wagonjwa ambavyo njia zake za biashara zilijulikana, na kila kimoja kikarudi kwa mzalishaji huyohuyo. Nyuma yake kulikuwa na shehena ya mbegu za uwatu kutoka Misri. Maabara haikuikuta bakteria ya mlipuko kwenye mbegu hizo. Kesi ilisimama kwa meza zilizoandikishwa, mapishi na risiti.